Tairi za Kupita Sola

Somanda, Bariadi
12 Januari 2025

Mpwa wangu Harieth,

Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Mimi mzima, mke wangu Jenipha mzima, ila mguu wangu wa kushoto unajua mvua kabla ya redio. Wewe je? Na Mwanza? Na hilo gari?

Usishangae kuona barua wakati simu ninayo. Ujumbe wa simu nikifika mahali patamu unakatika. Hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Ananiheshimu, baba yake nilimfundisha udereva.

Sasa, nimesikia umeacha kazi ya benki, umenunua Hiace ya fo wili, umeiwekea kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, ili utembeze wageni na kuwalaza humohumo porini. Ukoo mzima unasema umechanganyikiwa. Mimi nimewaambia, hiyo damu yangu, niachieni.

Halafu nasikia unauliza tairi mtandaoni! Mtandaoni, na mjomba wako yu hai! Mimi niliyelala na tairi miaka kumi na minane chini ya malori ya pamba! Tairi nikiligonga kwa kidole nakwambia limepita mikoa mingapi. Darasa la sita niliacha mwenyewe, la saba likaniogopa, lakini barabara nimeisoma mpaka chuo kikuu. Na ya mwaka wa Elnino pale Sola unaijua. Mbuga nzima ziwa, malori kumi na moja yamezama, madereva wanalia kama wafiwa. Mimi nina tani saba za pamba, gia ya pili, sigara mdomoni, nikapita. Sigara haikuzimika. Na tairi zenyewe zilikuwa kipara!

Usinunue kitu mpaka nitoe neno.

Mjomba wako,
Jilala


Mwanza
17 Januari 2025

Mjomba Jilala,

Shikamoo. Nasi huku wazima, namshukuru Mungu. Pole na mguu. Msalimie sana mkazamjomba Jenipha.

Mjomba, safari hii sitaki mzaha, kwa hiyo nakuandikia kama ulivyotaka. Kampuni moja ya watalii Arusha imenipa safari moja tu ya majaribio, tarehe kumi na tano mwezi wa tatu. Abiria ni mzee Constantine na mkewe, walimu wastaafu wa Moshi, watu wa kutazama ndege. Wanataka kuiona mbuga ya Sola ikiwa na maji, korongo wameshuka. Nikiwafikisha na kuwarudisha salama, napewa wageni wa mwaka mzima. Nikikwama, kuna mwenye gari lake anaisubiri nafasi hiyo. Benki siwezi kurudi. Na mama huko Sola tangu niache kazi hajanisema hata neno. Kila nikimpigia anauliza, "Umekula?" basi. Bora angenigombeza.

Jirani yangu Danford ananisukuma nichukue zile tairi pana za tope, zenye kashata kama matofali. Gari litaonekana simba, anasema. Mimi wiki mbili zijazo niko Arusha kwa mambo ya mkataba. Nakuomba uje dukani kwa Salvatory hapa Mwanza, atakuonyesha aina tatu. Uchague wewe. Neno lako nimeliweka mbele ya la Danford.

Mpwa wako,
Harieth


Somanda
2 Februari 2025

Mpwa wangu Harieth,

Mwadila. Hatujambo, na kama mvua hii haijakusomba basi nawe hujambo.

Kazi nimeimaliza. Kaa kitako.

Kwanza nilikwenda Sola, nikachota ndoo ya tope la mbuga, lile jeusi lenyewe, nikalifunika gunia bichi lisikauke. Kwenye basi abiria walinuna. Mama mmoja akauliza, "Baba, umebeba nini kinanuka hivyo?" Nikamwambia, dawa.

Nafika dukani, Salvatory ananitazama. "Mzee, hiyo ndoo ni ya nini?"

"Huyu ndiye mteja," nikamjibu. "Yeye ndiye atakayechagua."

"Mzee, hapa tunauza tairi, hatukandiki nyumba."

Sikumsikiliza. Nikavua koti, nikazipaka tairi zake tope moja baada ya jingine, nikalisukumia kila kashata kwa gumba, halafu nikaziviringisha uani. Watu walijaa, kama mia tatu hivi. Salvatory anashika kichwa.

Sikiliza sasa, hii si hadithi. Umeona punda na ng'ombe wakipita mbugani? Kwato ya punda ni moja nzima. Akiitumbukiza, tope linainyonya, anaitoa kwa kelele. Kwato ya ng'ombe imepasuka katikati. Ikishuka inatanuka, ikipanda inajikunja, tope linaachia lenyewe. Tairi nalo ni hivyohivyo. Za lami, kama zile gari lako lilizokuja nazo, zilijaa tope mzunguko wa kwanza tu, zikawa laini kama andazi. Huyo ni punda. Zile pana za Danford zilitema tope vizuri, sikatai. Lakini tulipoijaribu moja kwenye Hiace ya mteja ilikwaruza bodi usukani ukikata kona, na hapo gari halina hata kijiko ndani. Tena wewe kutoka Mwanza mpaka Maswa uko kwenye lami. Zitaunguruma mpaka wazee wako waumwe kichwa, na lami ikilowa zinateleza. Simba wa Danford anafaa kupigwa picha.

Nimechagua zile zenye herufi AT ubavuni. Upana uleule wa mwanzo, kashata zimeachana vizuri. Tope liliachia mzunguko wa tatu. Na nimetaka za plai nane, zenye ubavu mgumu wa kubeba mzigo, kwa sababu wewe hubebi watu tu, unabeba na jiko na kisima. Salvatory alitaka kunipa zilizokaa dukani kuliko ndoa za watu. Nikamwonyesha namba za wiki na mwaka wa kutengenezwa, akaona haya, akatoa mpya. Tumeagana vizuri. Ameniomba niwe meneja, nimemwambia nitafikiria.

Zifunge hizo. Zote nne na ya akiba.

Mjomba wako,
Jilala


Mwanza
11 Februari 2025

Mjomba Jilala,

Shikamoo. Sijambo kabisa, na wabeja, asante sana!

Nimezifunga. Jana mvua ilinikuta kwenye lami, gari limetulia kama liko kwenye reli. Danford amenuna. Salvatory anasema uani kwake mpaka leo kuna tope, ila sasa kila mteja anamwuliza kwato ni nini.

Na mimi nina habari itakayokufurahisha. Kampuni waliuliza nitaingia mbugani kwa njia gani, kwa sababu kule kuna barabara mbili. Nikawaambia ile ya zamani ya pamba, inayokata katikati ya mbuga, maana mjomba wangu aliipita mwaka wa Elnino na tani saba na tairi kipara. Sisi tuna AT mpya na gari jepesi. Wamependa mno. Wameiandika kwenye ratiba ya wageni, "Barabara ya Pamba ya Mzee Jilala". Umeingia kwenye karatasi, mjomba!

Mpwa wako,
Harieth


Somanda
20 Februari 2025

Harieth,

Salamu. Ni mzima.

Barua hii nimeianza mara nne. Jenipha amezikuta karatasi jikoni, akauliza kama naandika wosia.

Sikupita.

Mwaka ule lori lilizama mpaka ekseli, hatua kama mia moja tu baada ya kuingia. Hakukuwa na malori kumi na moja. Kulikuwa na langu. Utingo alikwenda kutafuta msaada, hakurudi. Nilikaa siku nne juu ya ile pamba. Nilikula mahindi mabichi niliyoletewa na wachungaji. Aliyenitoa ni mama yako. Alikuja na ng'ombe sita wa jembe, maji kiunoni, wewe ukiwa mtoto umeachwa kwa bibi yako. Kamba aliishika yeye, akawa anawaita ng'ombe kwa majina mpaka lori likasogea. Wakalirudisha nyuma, si mbele. Na sigara sijawahi kuvuta, unajua mwenyewe.

Nilipofika Maswa kiwandani na pamba yangu wakaniuliza, "Umechelewa wapi?" Nikasema, mbuga ilinisumbua kidogo. Mwezi uliofuata nikasema ilitaka kunisumbua. Kufika kilimo cha pili nilikuwa nimeshapita. Nimeisema miaka ishirini na saba, na kuna siku naiamini. Mama yako ameisikia mara nyingi akiwa amekaa palepale. Hajawahi kufungua mdomo.

Tairi zako ni nzuri. Zile zilichaguliwa na macho yangu, si mdomo wangu. Lakini tope la mbuga ile likishalowa wiki mbili halina chini, na tairi la kulipita halijatengenezwa. Badili njia. Kama humwamini mjomba anayejisifu, mwamini huyu anayejiaibisha.

Jilala


Somanda
4 Machi 2025

Mpwa wangu Harieth,

Salamu nyingi. Kondakta amerudi mikono mitupu mara tano. Leo alianza kunikwepa, akajificha nyuma ya basi. Haya, una haki ya kunyamaza. Lakini safari ni tarehe kumi na tano na mimi sinyamazi.

Nimekaa Sola siku sita. Ile barabara ya pili inapita mbali, korongo hawaonekani, lakini hiyo mbuga ina ukingo wa mchanga upande wa mashariki, ule tunaouita luseni. Unapinda kama mkia wa ng'ombe mpaka kwenye maji wanaposhuka korongo. Gari halijapita huko, mikokoteni tu. Nimeutembea wote kwa miguu na fimbo ya chuma. Fimbo ikiingia kiganja kimoja, njia. Ikiingia viwili, nazunguka. Pale panapofaa nimefunga kitambaa cheupe kwenye minyaa. Vitambaa ni ishirini na sita. Nimevihesabu kwenda na kurudi. Ni shuka la harusi yetu, nimelichana. Jenipha haongei nami.

Kuna mahali pamoja, baada ya kitambaa cha kumi na tisa, mbuga inakata ukingo. Hatua mia moja na arobaini. Hapo hapazungukiki. Kabla ya kuingia simama, shusha upepo kidogo tairi zitanue tumbo, ingia gia ya pili, usikanyage breki, usibadili gia, usisikilize mtu. Ukitoka jaza upepo tena. Magese, yule mwenye maksai wakubwa, atakuwa amesimama ng'ambo na ng'ombe sita kwenye nira. Nimemweleza ukweli ili akubali, na amenicheka mpaka akakaa chini. Sawa. Acheke, lakini aje.

Usije kwa sababu yangu. Uje kwa vitambaa.

Mjomba wako,
Jilala


Mwanza
8 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nilikasirika. Barua yako niliisomea dukani kwa Salvatory, nikaikunja nikaitupa kwenye pipa la mafuta machafu, halafu nikairudia kuiokota. Ratiba ilikuwa imeshatiwa sahihi, mjomba! Ungeniacha niwazamishe wazee wa watu!

Ila hukuniacha. Hilo lilinichukua siku kumi kuliona.

Jana nilimpigia mama. Nikamwuliza, "Mama, ya Elnino unaijua?" Akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu nilipoacha benki. Akasema, "Kamba ilinichubua viganja, nitaachaje kuijua?" Nikamwuliza kwa nini miaka yote hakusema. Akajibu hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Ile pamba ilikuwa ya kijiji kizima. Dereva mwingine angeiacha akaondoka. Jilala alikaa siku nne, mvua inamnyeshea, haikupotea hata mfuko mmoja. Mtu wa hivyo mwache aongeze chumvi." Halafu akaniambia, "Na wewe usiliache gari lako."

Kampuni nimewaambia ukweli. Wamekubali tubadili njia, kwa shingo upande.

Nakuja. Usiondoe hata kitambaa kimoja.

Mpwa wako,
Harieth


Mwanza
24 Machi 2025

Mjomba wangu Jilala,

Shikamoo. Tulifika salama, wazee nao wameshafika Moshi, wanakusalimu.

Nakuandikia yale ambayo sikusema pale Sola kwa sababu ulikuwa unaongea wewe.

Zile hatua mia na arobaini, nilikuwa nimeubana usukani mpaka mama Constantine akanishika bega. Katikati gari liliteleza mkia, nikaona maji mlangoni, mguu ukataka breki. Nikakumbuka, usisikilize mtu. Basi sikuusikiliza hata mguu wangu. Tairi zilikuwa zinatema tope kama ulivyosema, vipande vinapiga kioo cha nyuma pa! pa! pa! Tulipopanda mchangani nikakuona umesimama mbele ya ng'ombe wa Magese, kofia mkononi, husemi kitu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukuona hivyo. Magese naye anafoka ng'ombe wake wamevaa nira bure!

Jioni, mama alipoleta michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na chai, mzee Constantine alikwambia, "Jilala, tulisikia uliipita mbuga hii mwaka wa Elnino." Wewe ulidhani nimekwenda kuteka maji. Nilikuwa nyuma ya gari najaza upepo, nikaizima pampu nisikie. Ukakohoa. Mama alikuwa anamimina chai, naye akasimama. Ukasema, "Mwalimu, nilikwama. Siku nne. Aliyenivuta ni huyu anayekumiminia."

Mama alikuongezea sukari. Kisha asubuhi, tulipokuwa tunaondoka, alizunguka gari, akalipiga kila tairi teke moja, akaniambia, "Kazi yako ni nzuri." Mjomba, miezi minne nimelisubiri neno hilo.

Kampuni wamenipa wageni wa mwezi wa tano, wa sita na wa saba. Wameomba njia ileile ya vitambaa.

Mkazamjomba Jenipha namletea shuka.

Mpwa wako,
Harieth


Somanda
30 Machi 2025

Mpwa wangu Harieth,

Mwangaluka! Sisi wazima sana. Jenipha ameanza kuongea nami, ila kuhusu shuka tu.

Mwezi wa tano njoo bila wasiwasi, vitambaa nimevifunga upya, fundo la ng'ombe, havitoki. Tairi zikifika nusu ya maisha yake zibadilishane, za mbele nyuma, za nyuma mbele. Salvatory usimwachie achague.

Hapa gereji ninaposhinda wameniuliza. Nimewaambia Hiace yako iliipita mbuga kwa kasi, maji yakapaa mpaka juu ya minyaa, wazee wanakunywa chai humo ndani na kikombe hakikutikisika. Na vitambaa vilikuwa mia nne. Hilo niachie, ng'wanawane, watu wanahitaji kuchangamka.

Lakini walipoomba ile ya Elnino niliwaambia mimi siisemi tena. Anayeitaka akaiulize Sola kwa dada yangu Ernestina, na aanze kwa kumtazama viganja.

Mjomba wako,
Jilala