Arobaini ya Wiki Mbili

Jumatatu, 12 Januari
Nimelala vibaya tena. Sanduku bado li wazi kitandani. Majani ya mkwaju yamekauka vizuri, nimeyafunga kwenye gazeti. Ubani. Pilipili manga ya uji. Leso mbili za kumfunga tumbo. Binti yangu Saumu amejifungua huko Uswisi, na mzazi hukandwa na mama yake arobaini nzima. Ubalozi umenipa wiki mbili. Haya. Nitamkanda asubuhi na jioni.

Jumanne, 13 Januari
Ukunda, kutafuta koti. Muuza mitumba alinitazama kama nimerukwa na akili. Makoti huku hayana mnunuzi, ameyalaza chini kabisa. Nimepata moja jeusi, zito kama godoro lililonyeshewa. Limetoka hukohuko Ulaya, mimi nalirudisha. Nilipolijaribu jasho lilinitoka hadi kwenye nyusi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 15 Januari
Saumu amepiga simu. Ubani nisilete, moshi utaliza king'ora na majirani watalalamika. Majani nisilete, nitanyang'anywa uwanja wa ndege. Kukandwa kwa maji ya moto mumewe hataki, eti muuguzi amekataza.
"Mama, wewe njoo tu upumzike."
Nipumzike! Hiyo viza niliiombea kupumzika? Nimetoa ubani. Nimetoa majani. Mahali pake nimetia soksi za sufu. Nimeumia sana. Mimi niliyemzaa nimegeuzwa mgeni.

Ijumaa, 16 Januari
Wifi yangu Mwanakombo kaja kuniaga, kumbe kaja kunichimba. Akaishika ile suruali nene aliyonitumia Saumu.
"Wifi, ndiyo utavaa hii? Kwa umri huu?"
Nikamwambia nitaivaa ndani ya dera, juu ya dera buibui, juu ya buibui koti, na nafasi ikibaki nitamvaa na yeye. Akaondoka bila kunywa chai. Alhamdulillahi.
Alipotoka nimechukua chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, nikaificha sandukuni, ndani ya kiatu cha buti. Haya sikuyaulizia, na sitauliza.

Jumapili, 18 Januari
Sanduku limekataa kufungika. Nimevaa nguo zote nzito kutoka hapa Mwabungo. Kwenye feri ya Likoni mama mmoja alinipa pole, akidhani nina homa. Nikaipokea. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Jumanne, 20 Januari
Uswisi. Baridi inauma hadi meno. Mtoto mzuri, mashallah. Saumu alinikumbatia kidogo akarudi chumbani. Mama mkwe wake ndiye anayemwogesha mtoto. Ananitabasamia, ananionyesha kiti. Nakaa.
Jioni nimefungua ile chupa. Mafuta yamekuwa meupe, magumu kama mshumaa. Yameharibika. Nimeyatupa pipani nikarudi kwenye kiti changu. Nimewachukia wote humu ndani. Saumu pia.

Ijumaa, 23 Januari
Theluji. Mumewe amekwenda kazini. Mama mkwe hakuweza kuja. Saumu ameingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa chini akinipa mgongo.
"Shikamoo mama. Nikande."
Nikamwambia sina mafuta, yaliharibika njiani nikayatupa. Akasema aliyaona pipani. Hayakuharibika. Huku huganda tu, ukiyashika yanayeyuka. Miaka yote nimepika mafuta, sijapata kuyaona yakiganda. Nimeona haya.
Nimeipandisha blauzi yake. Mifupa ya mgongo imemtoka. Watu wote hawa nyumbani, na hakuna aliyeugusa mgongo huu tangu azae. Nilitaka kumgombeza, nikasogea karibu yake.
Nimeanza na mabega. Mikono yangu ilikuwa baridi. Alishtuka, lakini hakusogea.