Kicheko cha Mama Kimezunguka Dunia

Mtaa wa Nyakato,
Musoma, Mara.
Juni 8, 2025

Mpendwa Kaka Felisian,

Shikamoo kaka. Wifi hajambo? Amepata nguvu baada ya uzazi? Na huyo mtoto ananyonya vizuri, analala, au ndiyo anawakesha? Huko Kanada barafu imeisha au bado mnavaa makoti mpaka ndani ya nyumba? Sisi huku Mungu ametushika mkono. Magoti ya baba yanamsumbua asubuhi, mimi mafua ya vumbi hayaniachi, lakini cherehani zangu zinakula kazi na pamba ya nyumbani Mugeta mwaka huu imefunguka vizuri.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi. Hata dada wa posta alishangaa, akaniuliza kama ni mambo ya mahakama. Sasa ningefanyaje? Mwezi wa nne ulitoka kwenye group la familia, ukamblock Chrispin, ukaniblock na mimi ambaye sikuwemo. Karatasi haiblokiwi. Labda uichane, na huwezi, maana wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza.

Nakuandikia juu ya ile video ya mama.

Najua ulivyoumia. Ulitueleza mlikuwa kantini kazini, mwenzako akakuonyesha simu, ukaona mzungu mwenye ndevu anafungua mdomo na ndani yake kinatoka kicheko cha mama yetu. Meza nzima ikacheka. Mama ambaye hukuwahi hata kumtupia udongo kaburini kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Ukasema mdogo wetu amemtoa mama awe kichekesho cha walimwengu, na video hiyo ikibaki, wewe huna ndugu anayeitwa Chrispin. Kaka, alilia. Mwanaume mwenye mke, fundi simu anayetegemewa, alikaa dukani kwangu akalia juu ya vitambaa vya wateja.

Aliifuta siku ile ile. Hilo hukulijua kwa kuwa ulishaondoka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ya kwake ilipofutika, zilikuwa zimebaki nyingine ambazo hata hazijui kwamba Chrispin yupo.

Nikukumbushe ilivyokuwa. Mama alivaa kitenge cha kwaya na kilemba cha njano, akakaa kwenye kigoda pale uani, Chrispin akashika simu. Salamu ilikuwa ya kwako. Mama akajikohoza kama msomaji wa somo kanisani, akasema, "Felisian mwanangu, usiwe na wasiwasi. Huku hatunaga shida yoyote." Hajafunga mdomo, yule mbuzi wetu, beberu mweupe, akatokea nyuma, akang'oa kilemba, akaondoka nacho. Mama akajishika kichwa. Akavuta pumzi ndefu utadhani anataka kupiga chafya, halafu kikatoka. Unakijua mwenyewe. Kile cha kuanzia tumboni, kinachopanda pole pole na kuishia na "uwiii!"

Chrispin aliiweka mtandaoni siku tuliyomaliza matanga, kwa uchungu tu, na wimbo wa maombolezo chini yake. Watu wakaandika pole. Basi. Kumbe kuna mtu ambaye hatutamjua maisha yetu yote, akautoa ule wimbo na kuandika juu ya video: "Mimi nikiulizwa na nyumbani maisha ya chuo." Hapo ndipo ilipoota miguu.

Mimi nilidhani vituko vya mtandaoni ni kitu kimoja, mtu anaanguka, watu wanacheka, kesho wanasahau. Nikamwambia Chrispin anikalishe anionyeshe. Kaka, nilishika mdomo. Anasema hizi video zina koo zake, na kila ukoo unazaa mwingine. Kwanza wale wa kuandika maneno juu: mwalimu ameandika lake la mshahara, nesi lake la zamu, bibi harusi lake la mama mkwe. Halafu wakaja wa kumkata mama na kigoda chake na kumweka wanapotaka. Barabara imekatika kwa mafuriko, mama amekaa mbele, huku hatunaga shida yoyote. Timu imefungwa mabao matano, mama yupo. Umeme umekatika katikati ya harusi, mama huyo hapo na kilemba chake kinaondoka!

Baadaye wakaiacha picha wakachukua sauti peke yake. Hao ndio wa kufungua midomo kama yule wa kantini yako. Nimeona wasichana wa Brazili wamepangwa mstari, wanavuta pumzi pamoja, wanajishika vichwa pamoja. Nimeona babu wa Korea amemvalisha paka kilemba. DJ mmoja wa Dar amekifanya mdundo wa singeli, na "uwiii" ya mama ndiyo inayowarusha watu juu. Kuna stika. Kuna zile za vijana wadogo, uso umevutwa kama chapati, macho mekundu, kelele za ajabu, hazina kichwa wala miguu, nao wanagaragara kwa kicheko, ukiwauliza kinachochekesha hata wao hawajui. Na za mwisho ni zile zinazotengenezwa na kompyuta yenyewe: mama amevaa suti ya kwenda mwezini, beberu naye kavaa ya kwake.

Mama, ambaye safari yake ndefu ilikuwa Mwanza!

Nilianza kwa kuogopa, sikufichi. Halafu nikashangaa mpaka machozi yakanitoka. Watu hawajui Mugeta ni mji au ni chakula, Kiswahili chenyewe hawakijui, lakini wanajua mahali pa kuvuta pumzi. Wanaivuta pale pale alipokuwa anaivuta yeye.

Na nikakumbuka kitu, usikasirike. Unakumbuka enzi za bluetooth, stendi ya Bunda, tunagusanisha simu mbili na kusubiri kana kwamba tunaatamia yai? Ulikuwa na ile video ya mzee anayemfokea punda aliyegoma kuvuka mto. Uliibeba mwaka mzima. Ulimuiga yule mzee mezani mpaka mama akakutishia mwiko. Naye alikuwa baba wa mtu, kaka. Hatukuwahi kuuliza ni wa nani.

Sasa nije kwa baba, maana yeye ndiye sababu ya barua hii.

Baba tulimficha. Tangu tumzike mama alikuwa hakai tena uani jioni. Anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Kucheka ndiyo kabisa, ungedhani kicheko kimezikwa na mama. Tukasema akisikia sauti ya mkewe kwenye simu za watu itammaliza. Tulipokuwa naye simu zilikuwa kimya, majirani walishaonywa.

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka Bunda kupimwa macho. Kurudi tukashukia Nyamuswa kutafuta pikipiki ya kutufikisha nyumbani. Vijana wa bodaboda walikuwa wameinamia simu moja. Na kabla sijawahi kufanya lolote, kikatoka, kwa sauti ya juu.

Baba alisimama wima. Yale magoti yanayohitaji watu wawili, yalinyanyuka yenyewe. Akasema, "Nyangi?"

Akaenda mpaka pale, fimbo ameiacha kwenye benchi, akawauliza, "Huyo mnamfahamu?" Mmoja akajibu kwa furaha, "Mzee, huyu si Mama Hatunaga Shida? Tunamuangaliaga kila tukikosa abiria." Baba akasema, "Ni mke wangu. Nimemzika mwezi wa kumi."

Kaka, wale vijana walivua kofia. Mwenye simu akasema mzee nisamehe, naifuta sasa hivi. Baba akamshika mkono. "Usifute. Rudia."

Akarudia. Mama akasema hana shida, beberu akaja, mama akavuta pumzi, na baba akaivuta naye. Akacheka. Baba yetu, Baltazari, alicheka pale Nyamuswa mpaka akaegemea tenki la pikipiki, machozi yanatiririka, nami nikawa nalia na kucheka, sijui lipi limetangulia lipi. Yule kijana alituleta Mugeta na akakataa nauli.

Kesho yake Chrispin aliitwa. Alikuja amenywea akijua ni fimbo. Baba akamwambia, "Nionyeshe zote." Wakakaa uani, kwenye kiti chake cha jioni, kuanzia baada ya chai mpaka ng'ombe wanarudi. Kila moja anauliza, huyu wa wapi? Anamjua Nyangi? Hamjui? Anatikisa kichwa, anasema haya, nyingine. Usifikiri alizipenda zote. Ile ya kwenda mwezini aliikataa. "Huyu siye. Nyangi hakuvaaga suruali." Ya uso uliovutwa aliuliza kama huyo anaumwa. Na kuna moja, mtu kaweka kicheko juu ya ajali ya basi. Baba akageuza uso, akasema hii hapana. Chrispin akairipoti pale pale, na ninamshukuru Mungu imeondolewa. Kwa hiyo uchungu wako haukuwa wa bure, kaka, nami nakubali hilo.

Mwisho akataka ile yenyewe, nzima, isiyokatwa. Nami nilikuwa sijawahi kuiona. Wewe pia hukuiona, kwa sababu siku ile mtandao uligoma kuituma yote, Chrispin akakutumia kipande kinachoishia kwenye kicheko tu. Inaendelea. Mama anajifuta macho, kichwa wazi, Chrispin anamuuliza kama warudie kwa heshima. Mama anasema, "Mtumie hivyo hivyo. Awaonyeshe na wenzake wa kazini wacheke, wajue Felisian ana kwao."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo, sijaongeza.

Baba alimrudishia Chrispin simu. Halafu akasema jambo ambalo sijaacha kuliwaza. Alisema kwetu mtu akifa hatumwachi apotee, jina lake anapewa mtoto. Na jina haliokotwi, linaombwa. Mzazi anakuja kwa wenye marehemu, anasema, tumezaa, tunaomba. Wale watu wa Brazili wamechukua kicheko bila kuomba, kwa kuwa hawakujua pa kuomba, basi wakae nacho, hakipungui. Lakini jina hajachukua mtu. Lipo nyumbani.

Akaniambia, "Mwandikie kaka yako. Nasikia amezaa mtoto wa kike, nasikia kwa watu. Mwambie jina la Nyangi nimelizuia. Enoka wa jirani alikuja kuliomba kwa ajili ya mjukuu wake, nimemwambia asubiri. Lina mwenyewe. Lakini siwezi kumpa mtu asiyekuja kuomba."

Hayo ndiyo aliyonituma. Hajasema video itoke wala ibaki, hayo amemaliza. Anachosubiri ni wewe. Na Chrispin hajaweka kitu mtandaoni tangu siku ile, anasema ataufungua ukurasa wake ukimwambia wewe kwa mdomo wako. Yeye ndiye aliyenunua bahasha hii.

Shangazi Ghati anakusalimu, anasema umtumie picha ya mtoto inayoonyesha masikio, aone kama ni ya kwetu. Mama mdogo Tabitha anakusalimu, na wanakwaya wote wa mama. Msalimie sana wifi, mbusu mtoto pale utosini. Beberu naye mzima, amenenepa, baba amekataa asichinjwe, na kile kilemba hakijawahi kuonekana. Mungu aliyemchukua mama akutunzie ulichonacho mkononi, akulinde na baridi ya huko na ya moyoni.

Wiki iliyopita nikiaga kurudi Musoma, baba aliniuliza saa za huko zikoje. Nikamwambia kwenu ni asubuhi huku jua likiwa linataka kuzama. Tangu hapo kila jioni anatoka uani, anakaa kwenye kile kiti, na simu yangu ya batani, yenye namba unayoijua, nimemwachia, sauti juu kabisa. Hajui kupiga. Anajua kupokea.

Nami ni mdogo wako, ninayekupenda hata uliponifungia,

Pelagia