Safu ya Jina la Nyumbani

Jumapili, La Rochelle, Johannesburg. Baridi kavu ya mwezi wa saba, ile inayopasua midomo, na umeme umekatika tangu asubuhi.

Shajara, leo sikusalimu. Mikono bado inanuka kafuri.

Tumeosha maiti leo, mama mmoja wa makamo kutoka kwetu Tanga. Na kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe daftari la akina mama wa chama chetu cha kuzikana, nimeacha safu ya jina la nyumbani tupu. Sikusahau. Nimenyimwa. Na kilichofanya ninyimwe ni mdomo wangu huu huu.

Wanaosoma blogu hii wakiwa mbali hawajui mambo ya daftari, kwa hiyo ngoja nieleze. Huku Johannesburg wengi wetu tuna majina mawili. Lipo la nyumbani, ulilopewa na wazazi wako, na lipo la makaratasi, uliloingilia nalo nchini. Mwingine alikuja na pasipoti ya binamu yake. Mwingine jina lake liliandikwa ovyo mpakani, akaogopa kulirekebisha. Hatuulizani. Kazini, kwa mwenye nyumba, kwa polisi, mtu anaitwa lile la makaratasi mpaka analigeukia kama lake.

Lakini ukifa, unarudishiwa lako. Naandika jina la makaratasi kwa ajili ya kibali cha mazishi, na kando yake jina la nyumbani na la mama yako. Halafu nalinakili kwenye kikaratasi, wanaume wanakwenda nacho makaburini, ili shehe anaposoma talakini akuite sawasawa. Ewe fulani, mtoto wa fulani. Ndiyo mara ya mwisho mtu kuitwa hapa duniani, na wallahi sitaki mtu aitwe kwa jina la binamu yake.

Sasa, kuna bwana mmoja wa podikasti. Mkenya, msomi wa historia, anakaa Kensington, mji huu huu wetu. Tulimwita Profesa ingawa hajafika huko, naye hakukataa. Alikuwa na kipindi cha mazungumzo kuhusu historia yetu wahamiaji, na Kiswahili chake kilinyooka, kitamu. Alisema historia yetu imefungiwa kwenye makabati ya watu wengine ng'ambo, na mjukuu akitaka kusoma habari za babu yake sharti aombe viza. Dawa, alisema, ni data isiyo na bosi. Badala ya kabati moja, kila mwenye nia anaweka nakala kwenye kompyuta yake. Mmoja akiungua, akifilisika, akinuna, wengine wanazo. Hakuna atakayeweza kutufuta tena.

Nilimwelewa, na mpaka leo sioni alipokosea katika hilo. Mimi ninayeandika majina ya watu ambao hakuna ofisi yoyote itakayowakumbuka, ningekosaje kumwelewa?

Basi nikamkaribisha chai. Nikamfungulia daftari.

Naandika hili ili nisijidanganye baadaye: hakunipokonya. Alipiga picha kwa simu yake, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi ndiye niliyekuwa nashikilia kurasa zisijikunje. Sikuwauliza wanachama. Yeye pia hakuniuliza kama nimewauliza. Nilijiona mtu mkubwa, mtunza historia, mie wa kuuza khanga na udi Rosettenville!

Kisha akaniweka mbele ya maikrofoni. Eish, nilinoga. Saa nzima. Nilieleza majina mawili, nikaeleza talakini, na ili mambo yaeleweke nikatoa mfano wa mlinzi mmoja wa Tanga, aliyekuwa analinda ghorofa Hillbrow, akafia kazini, akazikwa huku, na mkewe na binti yake wakabaki na jina lake la makaratasi. Sikumtaja jina. Nilidhani kutotaja jina kunatosha. Walinzi wa Tanga waliofia Hillbrow wangapi? Na chini ya kipindi palikuwa na picha za kurasa, atakaye abonyeze.

Mjane wa mlinzi huyo nitamwita Mwanaidi. Si jina lake. Majina yote humu nimeyabadilisha, akili imenijia nikiwa nimeshachelewa. Mwanaidi nilitoka naye Tanga, basi moja, tukilala tumeegemeana. Ndiye anayenimiminia maji kila ninapoosha maiti. Mimi naosha, yeye anamimina, hatuhitaji hata kusemezana.

Alisikia kipindi akiwa kazini, kwenye saluni ya Mkongo mmoja pale Hillbrow, spika ikiwa juu, wateja wamejaa. Yule mwenye saluni akamgeukia kwa wema wake wote: "Mama Rehema, si ni bwana yako huyu banasema?"

Mwanaidi alikuja kwangu jioni ile ile bila kuvua aproni. Nilitamani anitukane. Alisema tu kwamba binti yake Rehema amemaliza shule, maombi yake ya kitambulisho yako ofisini, na kila karatasi katika bahasha ya maombi hayo imesimama juu ya jina la baba yake ambalo mimi nimetangaza kwamba si lake. Rehema amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kizulu. Hana kwingine kwa kwenda.

"Siri ya maiti unaosha nayo, dada," aliniambia. "Hutoki nayo nje." Akaondoka.

Nikampigia Profesa. Ningefurahi kama angekuwa mkali, lakini alikuwa mpole kama daktari anayetoa habari mbaya. Aliziondoa picha kwenye ukurasa wake siku hiyo hiyo. Ila nakala, alisema, zimeshasambaa. Chuo kimoja Ulaya kinazo, watafiti kadhaa wanazo, wengine hata yeye hawajui. Hakuna wa kumwamuru azifute. "Ndivyo tulivyoutengeneza mfumo, dada. Nguvu yake ndiyo hiyo." Maji yakimwagika hayazoleki, tumefundishwa tangu utoto, lakini sikujua kuna watu wanayamwaga kwa makusudi na kusema ndiyo nguvu.

Wiki iliyofuata akatoa kipindi kingine. Yeye na msomi mwenzake, saa nzima, juu ya maadili ya kusambaza data za watu wanyonge. Walizungumza vizuri, sina la kuwasema. Mimi nilitajwa mara moja: "mshiriki mmoja wa jamii". Kosa letu limewapa kipindi kizuri kuliko kile cha kwanza. Rehema bado anasubiri bahasha yake. Kila gari likisimama mlangoni, mama yake anachungulia dirishani kwanza.

Sasa leo.

Mwanaidi alikuja kuosha. Nilijua atakuja, maiti haina ugomvi na mtu. Alimimina maji tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kipimo kile kile, bila kuniinulia macho. Tulikafini, tukatia kafuri, nikanawa, nikachukua daftari na kalamu nikamwendea dada wa marehemu aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje.

Alitoa jina la makaratasi harakaharaka. Nikauliza la nyumbani. Akalitazama daftari, akanitazama.

"Andika hilo hilo," alisema. "Jingine tutajua wenyewe."

Nikamkumbusha talakini. Nikamwambia dada yako ataitwaje? Aliinuka akamfuata Mwanaidi aliyekuwa anakamua mataulo mlangoni, akamshika bega na kumnong'oneza sikioni. Mwanaidi akatikisa kichwa kukubali, akajifunga mtandio, akavuka uani mpaka kwa shehe kwenye gari la maiti, akamnong'oneza na yeye.

Kwa hiyo marehemu ameitwa kwa jina lake. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nalia pia, maana haliko popote. Miaka ishirini ijayo mjukuu wake akija kuuliza, daftari litamwonyesha jina la mtu mwingine na nafasi nyeupe. Yule aliyeapa kwamba hatutafutwa tena amenifanya nianze kutufuta kwa mkono wangu mwenyewe, safu kwa safu.

Nimekaa na daftari mapajani tangu nirudi. Humu hakuna jina langu, huandikwa waliokufa tu. Nami nina la makaratasi, ambalo mnanijua nalo nyote mnaosoma, na nina la nyumbani. Mwosha huoshwa, hiyo sikuwahi kuiogopa. Nilijua nani atanimiminia maji, na nani atatoka nje kumwambia shehe mimi ni nani, mtoto wa nani. Johannesburg nzima yupo mmoja tu anayelijua jina langu na la mama yangu, kwa sababu mama alimwambia mwenyewe stendi Tanga, akiuweka mkono wangu ndani ya mkono wake.

Mwanaidi, siku hiyo utalisema?