Nje ya Kamba

Pap Onditi
2 Machi 2025

Kwa binti yangu Awuor,

Nakusalimu wewe na yeyote anayekula kwako huko Nyamasaria. Huku sote tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limeanza siasa zake tangu wingu la mvua lionekane. Wewe waendeleaje? Barua hii inakuja na Debra muuza nyanya, ndani ya kapu lake, kwa sababu simu siziamini tena. Neno la chama likiingia kwenye simu, kabla ya jioni limepigwa picha na kutumwa kwenye kundi la wadi.

Nianze na pongezi. Jumamosi kwenye mkutano wa tawi uliongea vizuri. Ulipotaja vijana wako kituo kwa kituo, Mzee Absalom alitikisa kichwa kukubali mpaka nikamwogopea shingo. Mimi nimeongoza Ligi ya Wanawake miaka mingi na mwenyekiti huyo wa tawi hajanitikisia kichwa hata siku moja. Wewe kiongozi wa vijana ulikaa meza ya mbele, na soda yako ikafunguliwa na katibu mwenyewe. Mimi mama yako nilikaa karibu na mlango wa jikoni, nikawa naulizwa kama wali umeiva.

Niliona wivu, nyara, binti yangu. Najua si vizuri mama kumwonea wivu mtoto aliyemzaa, lakini nilikutazama ukinywa ile soda nikatamani ikupalie. Kidogo tu.

Sasa nina swali. Katiba ya chama inasema kijana akitimiza miaka thelathini na tano anavua fulana ya vijana, na akiwa mwanamke anahamia ligi yetu. Wewe unatimiza Novemba, wala usinibishie, siku hiyo nilikuwepo. Uchaguzi wa Ligi ya Wanawake ni Desemba. Celestine wa duka la mbegu anauliza watu sokoni kati ya mama na binti nani atampisha nani. Nijibu mimi kabla hujamjibu Celestine.

Ni mimi,
Mama yako

Nyamasaria
9 Machi 2025

Mama,

Salamu zako zimefika pamoja na nyanya mbili zilizopasuka, nikazipika. Mimi ni mzima. Goti lako lipake mafuta, na uache kuinama bustanini kana kwamba hakuna watu wengine wenye migongo.

Ile soda ilinipalia kweli, Mama. Sikujua aliyenitumia.

Meza ya mbele isikusumbue. Kwenye karatasi ligi yetu ya vijana inapendeza: kila kituo cha kura kina vijana wake, hao wanachagua kamati ya wadi, kamati za wadi zinatuchagua sisi wa tawi, nasi tunapeleka wajumbe kaunti. Lakini mgeni mkubwa akija, kazi yetu ni kusimamisha hema, kubeba spika na kulinda lango. Akishashuka garini tunaambiwa turudi nyuma, tunaziba njia. Na vijana wangu bila nauli hawaji. Wanawake wako wanatoka Katito kwa miguu kwa sababu wamesikia wewe, Benta, umeita mkutano.

Kama ni wivu, basi wangu ni mkubwa kuliko wako, maana ulianza nikiwa nakubebea kapu la vikombe. Ukisimama, watu wananyamaza kabla hujafungua mdomo. Mimi hata na maikrofoni lazima niwabembeleze.

Kuhusu kiti chako, Desemba hii sikitaki. Ila sitakudanganya kwamba sitakitaka kamwe. Wako wasichana wengi kwenye ligi yetu wanaotimiza umri mwaka huu, na ninawaandaa tuhamie kwenu pamoja. Tukionana nitakueleza zaidi.

Binti yako,
Awuor

Pap Onditi
20 Aprili 2025

Awuor,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikairudia. Nilitafuta mahali uliposema hukitaki kiti changu, nikakuta umesema hukitaki Desemba. Halafu unaniambia unaandaa wasichana wahamie kwetu pamoja. Mimi nilikuwa kwenye siasa kabla hujaota meno, na jeshi nalijua hata likivaa fulana.

Nimekwenda kwa Mzee Absalom na kumwomba uchaguzi wetu uletwe mbele hadi Agosti. Alikubali upesi hata chai haijapoa, akaniambia ananiheshimu sana. Agosti wewe na wenzako mtakuwa bado vijana, na kijana hapigi kura kwenye Ligi ya Wanawake. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Usinune, nilikufundisha mwenyewe kwamba siasa si ugali wa kugawana.

Mama yako

Pap Onditi
6 Julai 2025

Awuor nyathina, mwanangu,

Wazima huko? Mara ngapi sasa Debra amerudi kutoka Nyamasaria na vikapu vitupu na hakuna barua. Namuuliza kama amekuona, anasema umenenepa. Hayo si majibu.

Sikuandiki kuomba msamaha. Nakuandikia kwa sababu Celestine ametangaza kugombea, na juzi alionekana akishuka kutoka gari la Mzee Absalom akicheka. Mimi siogopi. Lakini ningependa mtu wa kuniambia kwamba siogopi.

Utakuja siku hiyo? Vijana ndio mtakaolinda uwanja.

Mama yako

Nyamasaria
31 Agosti 2025

Mama,

Sijui nikusalimu vipi baada ya jana. Umekula? Mwambie jirani akupikie, usijifungie ndani.

Nilinyamaza kwa hasira. Niliona wivu kwamba unakipenda kiti kuliko unavyonipenda mimi, na bado naona. Lakini ya jana lazima nikuandikie, kwa sababu uliondoka kabla sijaweza kukufikia.

Kamba iliyozunguka uwanja nilikuwa nimeishika mimi. Hiyo ndiyo kazi waliyotupa. Nilikuona ukisimama mbele na kitenge chako cha ligi, Celestine upande wa pili, na wanawake wakiingia mlolongo mmoja mmoja, kila mmoja nyuma ya anayemchagua. Aliyekuwa wako akisimama nyuma yako kila mtu anamwona, na akihamia kwa mwingine kila mtu anamwona vilevile. Mama, waliobaki nyuma yako hawakuwa wamelipwa hata nauli. Nilikuonea wivu hata ulipokuwa unashindwa.

Kisha katibu akahesabu. Celestine alikuzidi kwa wanawake wanne.

Nyuma yangu, nje ya kamba, walikuwa wamesimama wale wasichana niliokuandikia habari zao. Wote wanatimiza umri kabla ya Desemba, na ni zaidi ya ishirini. Mmoja, Shantel, aliinua kamba akataka kuingia asimame nyuma yako. Mzee Absalom akamwambia, "Wewe bado mtoto. Hata mama yako wa chama hakutaka mpige kura, aliniomba mwenyewe." Akanitazama mimi, kisha akacheka.

Hilo ndilo lilikuwa jeshi, Mama. Nilikuwa nakuletea wewe. Sitasema nilifanya kwa moyo safi. Nilitaka ushinde Desemba kwa watu wangu, ili siku utakapochoka uninong'oneze mimi kwanza. Katibu ameniambia Mzee Absalom alitaka Celestine tangu mwaka jana, akaogopa Desemba kwa sababu yetu. Ulipomletea Agosti, aliona Mungu amemjibu.

Nilishika kamba mpaka mwisho. Ningeiachilia wangefuta matokeo na kusema ni fujo za vijana ulizopanga wewe. Sijui kama nilifanya vizuri.

Awuor

Pap Onditi
16 Novemba 2025

Awuor, binti yangu,

Nakusalimu siku yako ya kuzaliwa. Umekwisha kuwa mtu mzima, hata chama kimekubali. Goti langu limepoa. Moyo bado.

Barua yako ya Agosti sikuijibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliandika habari za Absalom, na yeye hakunifanya lolote ambalo sikumpelekea mkononi. Nilikuogopa wewe, nikasahau kuogopa wengine. Nimelia ya kutosha, sitaki tena tulizungumze.

Debra anakuletea mfuko. Ndani kuna kitenge changu cha ligi, kile cha wageni wakubwa. Nimekipunguza kiunoni kikutoshe. Nilipofika kwenye mikono nilitamani nikate vibaya, kwa sababu nilijua kitakupendeza kuliko kilivyonipendeza mimi. Lakini nimekata sawa.

Mwanamke mpya anaandikishwa na mama wa ligi wa kituo chake cha kura. Hapa kwetu, mnakopigia kura, mama huyo bado ni mimi, Celestine hawezi kunitoa kituoni. Njoo Jumamosi na Shantel na wote waliokwisha timiza. Mtaanzia jikoni, mtapakua wali, na mtu akiuliza kama umeiva mtamjibu kwa heshima, kama nilivyofanya mimi. Kiti ni cha miaka mitano tu.

Siku ya mlolongo ikifika, nitasimama nyuma yako. Nitakuwa nimenuna, maana najijua. Kwa hiyo usigeuke kunitazama. Wewe angalia mbele, niache nihesabiwe.

Mama yako