Mnara wa Kijani

Jumatano, Kigali. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu saa nne.

Tunasanifu mnara wa chuma wa kubeba tangi la maji kwenye shule ya chekechea, Kabeza. Mwalimu mkuu alituomba tuondoe vyuma vya mshazari vinavyounganisha miguu, ili watoto wapate kivuli cha kuchezea chini yake. Ombi la mama mwema. Nikaviondoa kwenye kompyuta, nikalijaza tangi maji, nikaiacha programu ipige hesabu. Miguu yote ikawa nyekundu. Maana yake chuma kimeelemewa, hakuna tafsiri nyingine.

Nikamwonyesha bosi. Yeye amekulia Kampala, mcheshi, hapendi mambo yakae mezani.

"Lakini Aline, hii nyekundu iko inatisha watu."

Akavuta kipanya, akafungua kipimo cha rangi, akapandisha kikomo cha juu, pale wekundu unapoanzia. Mnara mzima ukawa kijani. Hakugusa chuma hata kimoja! Akamtumia mwalimu mkuu picha, akaenda kunywa chai.

Kijani.

Ni kama kumpima mtu homa, ukaona imepanda, ukaandika upya namba za kipimajoto.

Jumamosi ni umuganda, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa. Majirani wa shule ndio watakaochimba misingi na kuisimamisha miguu ile, kwa moyo safi, kisha watoto wao wacheze chini yake.

Mchana nikachapisha picha yangu nyekundu, nikachukua pikipiki hadi Kabeza kwenye mvua hiyohiyo. Nikaikuta ile ya kijani imeshabandikwa mlangoni mwa darasa, katikati ya michoro ya watoto.

"Iko nzuri sana, dada enjinia," mwalimu mkuu akaniambia. "Watoto wanapenda sana."

Nikaibandua mbele yake. Nikamweleza yote, nimelowa, sauti iko juu kuliko nilivyotaka. Akasema bila vile vyuma hautaki huo mnara.

Sasa ni jioni na simu ya bosi inaita tena. Sijapokea. Naogopa, sitajidanganya; kazi hii sikuiokota njiani, na kesho huenda nisiwe nayo.

Lakini picha nyekundu iko pale mlangoni, nimeibandika kwa mkono wangu. Akitaka kuitoa, aende Kabeza mwenyewe, aibandue watoto wakimwangalia.