Sauti za Mchana Nyumbani Kwetu

Jumamosi, Cheyo, hapa Tabora. Mvua bado. Jua limewaka tangu asubuhi, hata kuku wamejificha chini ya ghala, na barabarani hapiti mtu.

Lazima niandike. Nisipoandika leo, nitakuja kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Tangu tumzike Baba, Mama na mdogo wangu Petro hawasemeshani. Petro alikuwa akifanya kazi ya reli kule Tura, akafika siku ya tatu baada ya maziko. Mama anaamini aliitwa akakataa. Petro anaamini aliachwa kwa makusudi. Sasa amehamia stesheni ya hapa Tabora, analala chumba cha mbele, na chakula chake napeleka mimi.

Mwezi huu yakaanza mambo ya mchana. Jua likifika utosini, Mama huacha kupepeta, huitika, "Abee, baba!" na kutoka nje kumtafuta Petro, maana ndiye amwitaye baba. Petro yuko kazini. Jumapili iliyopita Petro naye akatoka chumbani mbio: "Naam, mama!" Mama alikuwa kanisani.

Nyumba yetu iko kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kutoka Ujiji. Jirani yetu anasema walioanguka humo hawakuzikwa, na ndio wanaoazima sauti za watu. Alituonya tusiitike mpaka tuitwe mara ya tatu.

Mimi peke yangu sikuitwa na mtu.

Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Leo akaja Mama Mdogo Kalunde, mdogo wake Mama. Si mganga, ni Mmoraviani wa kusali kweli, lakini huko kijijini kwake nyumba ikigombana humwita yeye awakalishe watu. Alipanga vigoda vinne sebuleni, akaweka kata ya maji katikati. Kila mtu aseme lake mpaka mwisho. Aliyeambiwa asijibu mpaka kwanza arudie alichosikia. Ukimaliza, unasukutua kinywa na kuyatema maji nje ya kizingiti, kinyongo kitoke nayo.

Petro ndiye aliyeanza. "Mama, ulimzika baba yangu bila mimi."

Mama akafungua mdomo kujibu. Mama Mdogo akainua kidole. "Rudia kwanza, dada."

"Unasema... nilimzika baba yako bila wewe." Sauti ikamkatika. Sijui kwa nini kurudia kunauma kuliko kusema. Kisha akasema lake: "Tulikuandikia, baba. Ukanyamaza."

Petro alirudia, halafu akauliza taratibu, "Barua gani?"

Wote wakanigeukia, maana katika nyumba hii mwenye kuandika barua ni mimi.

Nikasema. Kule hospitali, Kitete, Baba aliniambia nimwandikie Petro aje. Sikuandika. Nilikuwa na hasira: yeye yuko Tura anavaa kofia ya reli, mimi naosha, nalisha, nakesha. Nilidhani Baba atapona, nami nitaandika hasira ikipoa. Aliponiuliza, nikamwambia nimeandika, Petro hajajibu. Amekufa akiamini hivyo.

Mama Mdogo akamwomba Mama arudie. Mama akafumba macho, akarudia neno kwa neno, polepole.

Kisha hakukoma.

"Na akasema: mwambie Petro, mlango sikuufunga, niliurudishia tu."

Maneno hayo mimi sikuyasema leo. Sijapata kumwambia mtu. Lakini Baba aliyasema, jioni yake ya mwisho, tukiwa mimi na yeye tu. Mama alikuwa huku Cheyo, amelala na homa. Siku Petro alipokwenda reli Baba alimwambia asirudi tena, kwa hiyo nilijua maneno yale ni mali ya Petro. Nikamnyima. Hata leo, nikiungama, niliyaruka.

Mama akafumbua macho, akashangaa tunavyomtazama. "Nimekosea kurudia?"

"Hujakosea, dada," Mama Mdogo akasema, lakini nilimwona ameshika kigoda chake kwa mikono miwili.

Petro akaniuliza jambo moja tu. "Dada, aliyasema?"

"Aliyasema."

Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, na Mama akamvuta kifuani. Sikuwa nimewaona wakigusana tangu maziko. Walitema maji yao pamoja, bega kwa bega. Nilipokwisha kutema yangu, Petro aliniambia, "Nimekusikia, dada. Kukusamehe, bado."

Nikarudia, kama ilivyo sheria. "Umenisikia. Kunisamehe, bado."

Ajabu ni kwamba nilipumua. Tulikula sinia moja, wote wanne. Petro hakunitazama, lakini mboga ilipokwisha upande wangu alinisogezea.

Sijui Mama aliyatoa wapi maneno yale. Mama Mdogo naye hajui. Alipokuwa akiondoka aliniambia tu nisimuulize Mama, na sitamuuliza.

Kesho baada ya ibada Petro anataka nimpeleke Kitete, nimwoneshe kitanda alicholalia Baba. Tutakwenda kwa miguu. Akitaka kimya njia nzima, nitanyamaza. Akiuliza, nitamjibu yote, hata yale yatakayomfanya asinisamehe kamwe.