Bega la Mjomba na Ubwabwa wa Kumbini

Alhamisi, jioni. Baridi ya kusi imeingia Lindi tangu alfajiri, na mke wangu anasema ndiyo inayoniuma begani. Si baridi. Ni ujinga wangu mwenyewe, na leo nimeuthibitisha mbele ya vijana wa watu.

Nimekasirika. Niandike hivyo mapema, nisije nikajifanya mtu wa busara huko mbele.

Bega la kulia linauma. Haliumi wakati wote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nikiwa dukani nauza spea za pikipiki, mikono iko chini, niko salama kabisa, naweza hata kusahau. Mteja akitaka tairi lililoning'inizwa juu, nikainua mkono kulifuata, kuna kitu kinachoma pale kwenye kona ya bega mpaka nang'ata ulimi. Kuvua shati ni kazi. Juzi msikitini imamu alipiga takbira, watu wote mikono masikioni, wangu wa kulia ukaishia kifuani. Mzee aliyekuwa pembeni yangu alinitazama baada ya salamu kama mtu aliyeona madhehebu mapya.

Yote haya ni kwa sababu ya Twalibu.

Twalibu ni mtoto wa mdogo wangu Zuhura, anayekaa Mitwero. Likizo hii ameingia jandoni na wenzake, na keshokutwa, Jumamosi, wanatoka. Huku kwetu mtoto akitoka kumbini hatembei. Anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavishwa nguo mpya, anafunguliwa mwavuli, kisha anabebwa mabegani mpaka uani kwa mama yake, ngoma mbele na vigelegele nyuma. Anayembeba ni mjomba. Baba yake yupo, majirani wapo, vijana wenye nguvu wapo, lakini kazi hiyo ni ya kaka wa mama. Zuhura hana kaka mwingine.

Ni mimi.

Basi aliponiambia mtoto ataingia kumbini, nilijitazama kitambi, nikaenda kwa Chande. Chande ana uwanja wa mazoezi uani kwake, hukohuko Mitwero: mabomba ya chuma ambayo ncha zake zimesimikwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Nilipiga chuma pale ujanani, nikaacha nilipooa. Sijui kwa nini kichwa changu kilidhani mwili ulikuwa umenisubiri palepale nilipouacha. Siku ya kwanza nilivipita vyuma vidogo bila hata kuvisalimia, nikaenda moja kwa moja kwenye kile nilichokuwa nakinyanyua juu ya kichwa enzi zile.

Chande akasema, "Mwanangu, anza na hicho cha chini."

Nikamwambia mimi nilikuwa nanyanyua hiki yeye akiwa bado ananyonya. Uongo mtupu, tumesoma darasa moja. Chuma kilipanda, nikatabasamu, nikarudi nyumbani Rasbura nimetanua kifua. Kesho yake asubuhi sikuweza kuchana nywele, na nywele zenyewe nimebakiwa na za pembeni tu.

Nilikwenda hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo aliuzungusha mkono wangu huku na kule, akasema msuli umevimba na kila nikiinua mkono naubana. Nipumzishe, nisinyanyue kitu juu ya kichwa, nianze upya kidogo kidogo kwa kuvuta mpira. Mpira wenyewe ni tyubu ya baiskeli. Nimeifunga kwenye kitasa cha mlango, naivuta taratibu, kiwiko kimebana ubavuni. Mtu mzima, navutana na mlango. Binti yangu Rehema akipita huniuliza kama mlango umekwama.

Na mimi nikivutana na mlango, Twalibu ananenepa.

Sitanii. Kule kumbini watoto wanalishwa. Kila jioni kina mama wanapeleka ubwabwa, kuku, samaki wa nazi, na mtoto yule hata kabla ya jando hakuwa mwepesi. Mke wangu naye, kwa mapenzi aliyonayo kwa wifi yake, hajakosa zamu hata moja. Leo mchana nimemkuta anakatakata kuku mwingine.

"Mama Rehema," nikamwambia, "huyo mtoto nitambeba mimi."

"Ndiyo maana namlisha," akasema. "Unataka ukabebe kijiti mbele za watu?"

Nilitazama tu lile paja la kuku likiingia sufuriani, nikijua Jumamosi litakuja kunikalia shingoni.

Zuhura hakuwa na habari ya bega. Nilimficha, nikijiambia litapoa lenyewe. Leo nikaamua kulipima. Nilifunga duka mapema, nikachukua bodaboda mpaka kwa Chande, nikachagua chuma cha katikati, maana nami nina adabu siku hizi. Kilipofika usawa wa macho, bega likakata. Chuma kikalala upande, kopo likapiga sakafu, saruji ikapasuka vipande. Uwanja mzima ukanigeukia.

Kijana mmoja akasema, "Pole, mzee."

Mzee! Mpaka sasa sijui kipi kiliniuma zaidi.

Kutoka kwa Chande hadi kwa Zuhura ni hatua chache, lakini habari ilinitangulia. Nilimkuta amesimama uani, mikono kiunoni. Pembeni yake alikuwa Selemani, kaka wa mume wake, aliyekuja kutoka Likawage kwa ajili ya shughuli. Selemani analima ufuta na mikorosho, na mabega anayo. Tuliamkiana, akanitazama mkono niliokuwa nimeukumbatia, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, kama bega linasumbua, mimi nipo. Nitambeba."

Angenicheka ingekuwa nafuu. Nilisema hapana kwa sauti iliyonishtua hata mimi.

Nikalazimika kueleza. Nilipotoka kumbini mimi, mjomba wetu hakuja. Alikuwa Dar, akatuma salamu. Nilibebwa na jirani, mtu mwema, Mungu amrehemu, alinibeba vizuri wala hakunitikisa. Lakini nakumbuka nilivyokaa pale juu, ngoma inalia, watu wote wananishangilia, na mimi napekua vichwa vya watu nikitafuta cha mjomba. Nilipochoka nikatazama chini. Utosi niliouona sikuujua. Jambo hili nilikuwa sijawahi kumwambia Zuhura, yeye alikuwa mdogo sana. Leo nimemwambia mbele ya Selemani, nimeshika bega.

Zuhura hakunipa pole. Aliuliza, "Kaka, kwani Twalibu utamnyanyua juu ya kichwa kama hivyo vyuma vya Chande?"

Akaingia ndani, akatoka anaburuta kiroba cha mahindi.

"Chuchumaa."

Nikachuchumaa. Yeye na Selemani wakakiinua kiroba, wakanilazia shingoni. Nikakishika kwa mbele, viganja usawa wa kifua, pale itakapokuwa miguu ya mtoto.

"Haya, simama."

Bega halikuuma. Naandika tena: halikuuma hata kidogo.

Kilichogoma ni magoti. Nilipanda nusu, nikashuka, nikapanda tena natetemeka mwili mzima, mpaka nikasimama. Siku zote hizi nimeliumiza bega, nimelitibu, nimelilaani, nimelivutisha mlango, kumbe mzigo wenyewe ni wa miguu! Sijachuchumaa na chuma hata siku moja. Kwa Chande hakuna anayefanya mazoezi ya miguu. Miguu imo ndani ya suruali, nani ataiona? Sote tunajenga vifua na mabega. Na mimi niliyekuwa na shughuli maalumu ya kujiandalia nikafuata mkumbo wa vijana wanaotaka kupendeza kwenye fulana. Nilisimama katikati ya ua na mahindi shingoni, Zuhura anacheka mpaka anajifuta machozi kwa khanga, na mimi nina hasira nisiyojua nimpelekee nani.

Nilianza kuuzunguka ua. Karibu na jiko nikayumba. Selemani akaweka mkono kwenye kiroba, nikadhani atanipokonya. Hakunipokonya. Alikishikilia tu, akatembea nami taratibu hadi mlangoni.

Tumekubaliana itakuwa hivyo hivyo. Nitachuchumaa, watamweka, nitasimama mwenyewe, na Selemani atatembea kulia kwangu, mikono tayari. Sipendi. Nilitaka kumchukua kutoka chini kwa mikono yangu, nimpandishe mara moja, watu waseme yule ndiye mjomba. Badala yake nitainuka kwa kuguna kama ngamia, na kuna watakaocheka, na bado nimekasirika. Kesho nitafanya mazoezi ya kuchuchumaa jikoni, kiti pembeni, wala sitamwambia Chande. Mke wangu nimemwomba zamu yake ya mwisho apeleke mchicha. Harufu inayotoka jikoni sasa hivi si ya mchicha.

Twalibu alipokuwa mdogo, nikimpakata, alikuwa akinipigia ngoma kwenye upara mpaka mama yake anamkataza. Jumamosi atakuwa juu pale, watu wamejaa, na najua atatafuta. Asisumbuke kutafuta mbali. Atazame chini tu.

Upara huu anaujua.